Shada Moja Tu? Sheria Inasemaje Ukishikwa na Bangi

Mtaani kuna stori kwamba shada moja haina kesi, bora iwe ni yako ya kuvuta. Zii, msee. Iwe uko Kayole, Umoja ama Dandora, hata kidogo ni hatia.

Sheria inayotumika ni ile ya kudhibiti dawa za kulevya ya 1994, iliyorekebishwa 2022. Kitambo, bangi ya matumizi yako ingekuweka ndani hadi miaka 10. Siku hizi ni jela isiyozidi miaka 5 ama faini isiyozidi shilingi 100,000. Lakini cheki hapa: ni wewe unafaa kuthibitishia korti kwamba ilikuwa yako pekee. Ukishindwa, ama ukisomewa kesi ya ulanguzi, adhabu inapanda vibaya.

Wewe huvuti? Kupatikana kwa bezi yenye watu huendea kuvuta, bila sababu ya maana, pia ni kosa. Mwenye keja akiruhusu, naye ana kesi.

Karao wakikushika, kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuambiwa sababu, kunyamaza na kuongea na wakili. Lazima ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Wikendi ikiingilia, siku ya korti inayofuata.

Na usikubali kosa haraka ndio urudi home mapema. Hiyo rekodi inaweza kukungoja kwa cheti cha tabia njema, siku ile umeitwa job.