Humphrey Bogart na Mto Ruiki: Kongo katika Historia ya Sinema

Miongoni mwa wachezaji mashuhuri wa Hollywood, Humphrey Bogart (1899–1957) ana uhusiano na nchi yetu ambao hautajwi mara nyingi. Makala haya yanakusudia kuueleza, na kuonyesha unamfundisha nini mwanahistoria.

Bogart alizaliwa New York, akaanzia kazi yake kwenye majukwaa ya Broadway. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Warner Bros. ilimpa hasa nafasi za majambazi. George Raft, aliyekuwa na jina kubwa kumzidi, alikataa kucheza katika High Sierra na The Maltese Falcon, filamu zote mbili za mwaka 1941. Nafasi hizo zikamwangukia Bogart. Mwaka uliofuata alicheza katika Casablanca. Hadithi yake ni ya Moroko, lakini ilipigwa California.

The African Queen ilifuata njia nyingine. Mwaka 1951 mwongozaji John Huston alimleta Bogart pamoja na Katharine Hepburn hadi mto Ruiki, tawimto la Lualaba, katika eneo la Ponthierville (leo Ubundu), kusini mwa Kisangani. Sehemu nyingine zilipigwa Uganda na London. Hata hivyo, hadithi imewekwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1914. Yaani maji ya Kongo yaliazimwa yawe ya Tanganyika. Kwa filamu hiyo Bogart alipewa, mwaka 1952, tuzo yake ya pekee ya Oscar.

Kiungo cha pili ni cha ndani zaidi. Riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, iliyozaa filamu hiyo, inakumbusha vita vya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1915 Waingereza walipitisha Katanga mashua mbili za vita, Mimi na Toutou. Kutoka Fungurume wafanyakazi Waafrika walikata njia, wakajenga madaraja na kusaidia kuzivusha mashua hizo milimani.

Katika filamu, kazi ya umati huo inafanywa na Wazungu wawili na mashua kuukuu. Waafrika wanaonekana kama waumini, wanakijiji na askari. Hakuna aliyepewa nafasi kuu.

Kwa kumalizia, sifa ya Bogart haipungui kwa kusemwa hayo. Lakini mwanafunzi wa historia ayatazame pia yaliyo nyuma ya sura yake: mto ni wetu, njia ilikatwa na babu zetu, na majina yao bado yanatafutwa.