Nyuroblastoma: Saratani ya Seli Changa za Neva

Katika Hospitali ya Chuo Kikuu iliyoko Kamenge, kaskazini mwa Bujumbura, ambayo wenyeji wengi huiita Roi Khaled, udaktari unafundishwa na kuandikwa kwa Kifaransa. Wazazi husemeshwa kwa Kirundi, na Kiswahili huingia anapofika mgonjwa wa Buyenzi, wa Uvira au wa Kigoma. Mtoto mwenye uvimbe tumboni anaweza kutoka na karatasi yenye neno moja kati ya haya mawili: néphroblastome au neuroblastome. Yatamke kwa haraka na utaona jinsi yanavyokaribiana. Yakiandikwa kwa mwandiko wa daktari aliyechoka, hata jicho huteleza.

Kufanana kwake hakuishii kwenye sauti. Yote mawili ni majina ya saratani za watoto wadogo, na yote mawili huweza kuanzia mahali pamoja, nyuma ya tumbo, karibu na figo. Lakini la kwanza ni saratani ya figo, ambayo Waingereza huiita uvimbe wa Wilms. Mtoto akiwahishwa, upasuaji na dawa chache zinazofahamika humponya mara nyingi. La pili ni jambo jingine kabisa. Asili yake ni nyingine, na hatima yake haitabiriki kirahisi. Mzazi asiyejua karatasi yake imebeba neno lipi hawezi kuuliza swali la maana, wala hawezi kumweleza daktari wa pili alichoambiwa na wa kwanza. Ndiyo maana naona istilahi hii inastahili kushughulikiwa kwa makini, na isiachiwe kila mkalimani aitafsiri apendavyo.

Neno limeundwa kwa vipande vitatu vya Kigiriki: kimoja cha neva, kimoja cha chipukizi, na kimoja cha uvimbe. Aliyelipa nguvu ni James Homer Wright, mwanapatholojia wa Boston, mwaka 1910. Kabla yake ugonjwa huu ulikuwa na majina mengi. Rudolf Virchow aliueleza mwaka 1864 akauweka katika kundi jingine la uvimbe. Wright alipotazama kwa hadubini aliona seli ndogo za duara zimejipanga kuzunguka nyuzi laini, mfano wa petali za ua, akatambua kuwa zinafanana na seli za neva za kiinitete ambacho bado kinajengeka. Uvimbe wa tumboni, wa kifuani na wa shingoni, ambao watu waliudhani magonjwa mbalimbali, ukawa na ukoo mmoja.

Kwa Kiswahili nimesikia tafsiri mbili. Moja ni «kansa ya mishipa ya fahamu». Hii inapotosha. Neno fahamu humpeleka mzazi kichwani, kwenye akili, kifafa na kupoteza fahamu, ilhali mwanawe ana tumbo lililovimba. Ataona daktari hajamwelewa. Ya pili ni «saratani ya neva», ambayo inakaribia, ila imeacha kipande cha katikati, na kipande hicho ndicho kilichobeba maana yote. Chipukizi nalo ni tafsiri sahihi ya Kigiriki chenyewe, lakini katika Kiswahili chetu chipukizi ni sifa: mwimbaji chipukizi, mchezaji chipukizi. Kuupa ugonjwa jina hilo ni kuutakia heri. Kilichobaki, na ninachokitetea, ni changa. Tunasema mtoto mchanga, tunasema mimba changa. Msikilizaji anajua mara moja kwamba kitu hicho kiko mwanzoni mwa safari na hakijawa kile kilichokusudiwa kiwe. Basi nyuroblastoma, kwa tahajia inayofuata nyutroni na nyuroni, ni saratani ya seli changa za neva. Na mwenzake wa figo, nefroblastoma, ni saratani ya seli changa za figo. Masikio hayawezi kuchanganya neva na figo.

Uchanga huu si pambo la lugha. Katika wiki za mwanzo za mimba, kundi la seli hujitenga mgongoni mwa kiinitete na kuanza kuhama. Baadhi hujipanga pande mbili za uti wa mgongo na kuwa neva zinazofanya moyo upige mbio mtu anaposhtuka. Nyingine hutua juu ya figo na kuwa kiini cha tezi ya adrenali. Nyuroblastoma huzuka pale baadhi ya seli hizo zinapokwama njiani: zinaendelea kugawanyika lakini hazikomai. Kwa hiyo inaweza kuanzia popote kwenye njia ile, kuanzia shingoni hadi nyonga, ingawa mara nyingi zaidi huanzia kwenye adrenali. Kwa sababu hiyo pia karibu wagonjwa wote ni watoto wa chini ya miaka 5. Na kwa kuwa seli hizo bado zina tabia ya ukoo wake, hutengeneza kemikali za jamii ya adrenalini, ambazo mabaki yake hutoka kwenye mkojo. Kipimo cha mkojo kinaweza kuufichua ugonjwa kabla kisu hakijagusa ngozi.

Hapa ndipo utafiti ulipokutana na jambo lililowashangaza madaktari kwa karne nzima. Kuna seli changa ambazo hatimaye hukomaa, na kuna nyingine ambazo husinyaa na kufa zenyewe. Mwaka 1927 Harvey Cushing na Burt Wolbach walieleza uvimbe wa aina hii uliogeuka, baada ya miaka, kuwa uvimbe mpole wa seli zilizokomaa. Mwaka 1971 Giulio D'Angio, Audrey Evans na Everett Koop walitenga kundi la vichanga ambao ugonjwa umeshaenea kwenye ini, ngozi na uboho, na bado wengi wao hupona kwa matibabu kidogo au bila matibabu. Sijui saratani nyingine inayoenea hivyo kisha ikarudi nyuma mara nyingi kiasi hicho.

Japani ililipia somo hili. Kuanzia mwaka 1985 mkojo wa watoto wa miezi 6 ulipimwa nchi nzima, kwa matumaini ya kuwakamata wagonjwa mapema. Waliogunduliwa wakaongezeka sana. Lakini tafiti za Ujerumani na Quebec zilizochapishwa mwaka 2002 zilionyesha kwamba upimaji wa namna hiyo haupunguzi vifo: ulikuwa ukiwakamata watoto ambao uvimbe wao ungesinyaa wenyewe, na kuwapitisha kwenye upasuaji na dawa kali bila faida. Japani ikasimamisha mpango huo mwaka 2004. Mtu asiyejua kwamba seli hizi ni changa hawezi kuelewa kwa nini kugundua mapema kulishindwa kuokoa maisha.

Upande wa pili wa ugonjwa ni mkali. Mwaka 1983 watafiti waligundua jeni inayoitwa MYCN, iliyoko kwenye kromosomu ya 2. Seli ya kawaida ina nakala 2 za jeni hiyo. Katika takribani mgonjwa 1 kati ya 5 seli za uvimbe huwa na makumi, hata mamia ya nakala, na kila nakala inaisukuma seli igawanyike badala ya kukomaa. Umri nao una uzito: mtoto aliyepita miezi 18 na ugonjwa umeenea yuko hatarini zaidi. Watoto wa hatari ndogo hupona zaidi ya 9 kati ya 10. Walio katika hatari kubwa, hata wakipata kila kitu katika nchi tajiri, wanaopona ni kama nusu.

«Kila kitu» maana yake ni tibakemia ya miezi kadhaa, upasuaji, dozi kubwa mno ya tibakemia inayofuatwa na kurudishiwa seli za uboho za mtoto mwenyewe, mionzi, kisha dawa mbili zinazonivutia kuliko zote. Ya kwanza ni asidi ya retinoiki, ndugu wa vitamini A, ambayo huzihimiza seli changa zilizobaki zikomae. Utafiti wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba inasaidia. Lazima nionye hapa. Kila mzazi wa Kamenge anazijua kapsuli za vitamini A, ya bluu kwa mtoto wa chini ya mwaka na nyekundu kwa aliyezidi hapo, zinazokatwa ncha na kudondoshewa mtoto mdomoni siku za kampeni. Hizo ni kinga ya macho na mwili. Hazitibu uvimbe, na kumzidishia mtoto ni kumtilia sumu. Dawa ya pili ni kingamwili inayoshika GD2, aina ya mafuta yenye sukari iliyo juu ya seli hizi. Marekani iliidhinisha moja yake mwaka 2015. GD2 ipo pia kwenye neva za maumivu, kwa hiyo mtoto huumia sana wakati wa kutiwa dawa na hulazimika kupewa mofini. Gharama yake imeiweka mbali na hospitali karibu zote za kanda yetu.

Mwaka 2015 madaktari wa saratani za watoto walitoa mwongozo wa nyuroblastoma kwa nchi zenye uwezo mdogo: nani atibiwe kwa upasuaji peke yake, nani apewe tibakemia ya kadiri, na nani, pasipo vifaa vya kumponya, atunzwe asiumie. Nauheshimu kwa ukweli wake. Mpango wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018, unaolenga asilimia 60 ya watoto wenye saratani wapone ifikapo 2030, ulichagua saratani 6 za kuanzia. Nefroblastoma imo. Nyuroblastoma haimo.

Tena ugonjwa huu huandikwa mara chache sana Afrika Mashariki. Rejesta ya saratani ya Kampala, ya tangu miaka ya 1950, ina wagonjwa wachache mno kulinganisha na Ulaya. Wapo wanaoamini kuwa ni nadra kweli kwetu. Mimi naelekea kwa wanaosema hautambuliwi. Kwa hadubini ya kawaida seli zake ndogo za duara zinafanana na za limfoma ya Burkitt, ile ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Kampala, na ambayo huwapata watoto wa maeneo ya malaria kama bonde la Rusizi. Pasipo kipimo cha mkojo na rangi maalumu za maabara, nyuroblastoma inaweza kuzikwa kwa jina la limfoma hiyo.

Katika kuitofautisha na nefroblastoma, dalili zinasaidia. Mtoto wa nefroblastoma mara nyingi bado anacheza, na mama hugusa uvimbe laini wa upande mmoja anapomwogesha. Wa nyuroblastoma huonekana mgonjwa: homa, weupe wa viganja, mifupa inayouma hadi anakataa kutembea, uvimbe mgumu unaovuka katikati ya tumbo, na wakati mwingine weusi kuzunguka macho kana kwamba amepigwa.

Na majibu ya maabara yakirudi, Kiswahili kina la kutoa. Mwanapatholojia hupanga seli hizi kwa ngazi tatu, ambazo kwa Kifaransa zinahitaji maneno marefu ya kitaalamu. Sisi tunahitaji kitenzi kimoja na viambishi vyake: seli hazijakomaa, zimekomaa kidogo, zinakomaa. Mama akiuliza, «Za mwanangu ziko wapi?», daktari anaweza kumjibu kwa neno moja kati ya hayo, na swali linalofuata litakuwa la matibabu.