Watoto Waliongojwa

Waswahili tuna methali mbili juu ya kungoja, nazo hazipatani. Moja yasema subira huvuta heri. Nyingine yasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Nilipokuwa mtoto nilidhani ya kwanza ni ya wakubwa waliokwisha kula, na ya pili ni yetu sisi tuliokuwa tukikitazama chungu jikoni. Sikuzifikiria tena mpaka utu uzima wangu, nilipokuwa naishi Ubelgiji na kujuana na mume na mke waliomngoja mtoto mmoja wa Kongo kwa muda wa miaka miwili na nusu.

Tulijuana kwa sababu ya lugha. Walikuwa wamemwasili mtoto wa kiume wa miaka mitatu, mzaliwa wa upande wa Bukavu, aliyekuwa akitunzwa katika nyumba ya watoto mjini Kinshasa. Waliambiwa kwamba anasema Kiswahili, na mtu akawaelekeza kwamba mtaa wa pili yuko Mtanzania, mzee mmoja wa Kigoma. Basi wakawa wanakuja kila Jumatano jioni. Hawakutaka sarufi. Walitaka maneno ya kumpokea mtoto: Umekula? Umelala vizuri? Usiogope. Njoo. Mama yule aliyatamka kwa bidii hata nikaona haya kumsahihisha. Hukumu ya mahakama walikuwa nayo, mtoto alikwisha kuandikwa kwa jina lao la ukoo, na kilichosalia kilikuwa karatasi moja tu, kibali cha kutoka nchini. Hiyo, walisema, ni kazi ya majuma machache.

Mwishoni mwa Septemba 2013 Idara ya Uhamiaji ya Kongo ilisimamisha vibali hivyo kwa watoto wote walioasiliwa na wageni. Ilitangazwa kwamba jambo hilo lingeweza kuchukua hadi miezi 12. Watoto walioguswa walikuwa zaidi ya 1,000, na watu ambao sheria ilikwisha kuwaita wazazi wao walikuwa Marekani, Italia, Ufaransa, Ubelgiji, Kanada na kwingineko.

Sipendi kuisimulia habari hii kana kwamba serikali ile ilifanya ukatili bila sababu. Sababu ilikuwapo. Ilihofia kwamba watoto wanatendwa vibaya huko wanakopelekwa, au wanapokezwa wazazi wengine baada ya kufika. Mwezi uo huo wa Septemba 2013 shirika la habari la Reuters lilikuwa limetoa uchunguzi mrefu juu ya wazazi wa Kimarekani waliowagawa watoto walioasiliwa kutoka nchi za nje kwa watu wasiowajua, waliokutana nao kwenye intaneti. Tena palikuwa na malalamiko ya rushwa na nyaraka za uongo katika Kongo kwenyewe. Mkataba wa The Hague wa tarehe 29 Mei 1993, ambao Kongo ilikuwa haijajiunga nao, ulikwisha kuweka kanuni kwamba mtoto atafutiwe kwanza malezi katika nchi yake, na kwamba ridhaa ya mzazi isinunuliwe kwa fedha. Nchi ikiona kanuni za namna hiyo zinavunjwa, ifanye nini ila kufunga mlango? Lakini mlango ulifungwa watu wakiwa wamesimama kizingitini.

Mja mzito huhesabu miezi. Mfungwa naye huhesabu. Hawa hawakuwa na cha kuhesabu. Miezi 12 ilipotimia, mlango haukufunguliwa, na hakuna aliyewaambia kama imebaki sita au sitini. Wako wazazi waliohamia Kinshasa kukaa na watoto wao, mmoja huko na mwenziwe amebaki nyumbani kazini ili pesa ya pango ipatikane. Wako watoto waliofariki kwa maradhi kabla karatasi haijatoka. Na tarehe 28 Mei 2014 watoto 31 walishuka Roma kutoka ndege ya serikali ya Italia, pamoja na waziri aliyetumwa Kinshasa kuwachukua. Rafiki zangu waliwaona katika televisheni. Jumatano ile hawakuja. Juma lililofuata mume alikuja peke yake, akaniambia kwamba mkewe amewafurahia sana Waitalia, na kwamba hajatoka kitandani tangu juzi.

Kilichonishangaza zaidi kilikuwa ukimya wa watu. Kwa msiba kuna matanga. Kwa uzazi kuna hongera. Kwa jambo hili hapakuwa na desturi yoyote. Mwaka wa kwanza majirani waliuliza, mwaka wa pili wakaacha, na nadhani waliacha kwa huruma, wasije wakaligusa donda. Lakini mama yule alinieleza kwamba siku alizoulizwa alikuwa mama, na siku asizoulizwa alikuwa mwanamke mwenye chumba kitupu. Chumba chenyewe nilikiona. Juu ya mwimo wa mlango walikuwa wamepiga alama za kalamu kuonyesha kimo cha mtoto, kila walipopata vipimo vyake kwa simu kutoka Kinshasa. Alama tano, pamoja na tarehe, za mtoto ambaye hajawahi kupita katika mlango ule.

Novemba 2015 serikali ya Kongo iliruhusu kundi la kwanza, watoto karibu 70. Februari 2016 wakaruhusiwa wengine zaidi ya 150. Mtoto wao alifika majira ya kuchipua ya mwaka huo, ana miaka mitano na ushee. Uwanja wa ndege mama alipiga magoti akamwambia, kwa Kiswahili safi kabisa, umekula? Mtoto alimtazama tu. Kinshasa ni mji wa Kilingala, na miaka miwili na nusu kwa mtoto mdogo ni nusu ya umri wake. Kiswahili chote kilikuwa kimemtoka. Mimi mwalimu nilisimama kando nimeshika maua, sina kazi.

Ningeweza kukomea hapo, na kwa muda mrefu nilidhani habari inakomea hapo. Lakini mwaka 2017 magazeti ya Ubelgiji yalifichua kwamba baadhi ya watoto waliofika nchini mwishoni mwa 2015 walitoka sehemu za Gemena, kaskazini-magharibi mwa Kongo, na wazazi wao walikuwa hai. Wazazi hao walikuwa wameambiwa kwamba watoto wanapelekwa Kinshasa kwa likizo na watarudi. Basi miaka ile yote, wakati watu wa Ubelgiji wakikesha kwa kumngoja mtoto aje, kulikuwa na watu wa Gemena wakikesha kwa kumngoja mtoto yule yule arudi.

Neno likizo lilinichoma. Mimi mwenyewe nilipelekwa likizo, Tabora, kwa shangazi yangu, nikakaa miaka sita. Kwetu jambo hilo halikuhitaji mahakama. Mtoto ni wa ukoo, hupelekwa penye shule au penye chakula. Nilipokuwa mkubwa ndipo mama alipoliniambia: kila treni ilipoingia Kigoma alitafuta mtu atokaye Tabora, akamuuliza nimefika wapi, na mtu humwonyesha kwa mkono, hapa. Alikuwa na tofauti moja tu na mama wa Gemena, nayo ni kubwa. Alijua nilipo.

Rafiki zangu hawakupata usingizi baada ya habari zile. Mtoto wao hakutoka Gemena, lakini karatasi zao zilisema kwamba hana ndugu hata mmoja aliye hai, na sasa nani aziamini karatasi? Mume aliogopa kuuliza. Alisema, tumengoja kiasi kile, leo tuanze kutafuta mtu wa kutunyang'anya? Mke alisema hawezi kulala katika nyumba moja na swali lile. Walibishana miezi mingi. Mwishowe, kwa msaada wa padri mmoja wa Bukavu, alipatikana bibi, mama yake marehemu mama wa mtoto. Alikuwa amemtoa mjukuu wake mwenyewe, kwa hiari, baada ya kumzika binti yake. Ila aliahidiwa barua na picha kila mwaka. Hakupata hata moja.

Walinipigia niwe mkalimani. Ilikuwa mwaka 2018, mtoto ana miaka minane, amekaa kwenye ngazi akisikiliza. Nilijitayarisha kwa lawama, na mume, nilimwona, alikuwa ameushika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Kikongwe alisalimu taratibu, akashukuru, akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kwa Kiswahili cha kwao: Angali anakohoaka na usiku?

Nikatafsiri. Wakatazamana. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyejua kwamba aliwahi kukohoa.