Terminali ya bodi ya kugawa umeme (roboti)
Terminali ni kiungio kinachopokea umeme wa betri na kuuingiza kwenye bodi inayougawa kwa mota na vidhibiti vya roboti. Katika roboti za mashindano ya FIRST Robotics Competition, yaliyoanzia Marekani, betri ni ya volti 12 na swichi kuu ni ya ampea 120. Kwa mkondo mkubwa hivyo, nati ya terminali iliyolegea huongeza ukinzani, na ukinzani huleta joto: shaba huwa nyeusi, na plastiki inayoizunguka huanza kuyeyuka. Fundi huchomoa betri kwanza, hukata waya ulioungua, hubana kichwa kipya cha shaba kwa koleo maalumu, hukaza nati, kisha huuvuta waya kwa mkono kuona kama unacheza. Bodi ambayo plastiki yake imeyeyuka haifai kulehemiwa, ibadilishwe.