Mshirazi ni Nani? Jina Moja, Madai Mengi

Msomaji akilitazama jina la chama cha Afro-Shirazi (ASP) cha Zanzibar, asikipuuze kistari cha katikati. Februari 1957, Jumuiya ya Waafrika iliyoundwa mwaka 1934, ambayo wafuasi wake wengi walikuwa na asili ya bara, iliungana na Jumuiya ya Washirazi ya Unguja kukiunda chama hicho. Kistari kile kilikiri waziwazi kwamba waliokaa meza moja hawakujiona kitu kimoja. Mwisho wa 1959 Ameir Tajo wa Makunduchi na Mohammed Shamte wa Pemba walijitoa, wakaunda chama cha ZPPP, na baadaye chama chao kikashirikiana na Hizbu, mpinzani wa ASP. Kwa hiyo kabla ya uhuru wa Desemba 1963 Washirazi walikuwa pande zote mbili za uwanja, na kila upande ukidai kuwa wenyewe hasa ndio wao.

Basi Mshirazi ni nani? Hadithi ya kale inasimulia mabwana waliotoka Shiraz, Uajemi, kwa majahazi na kuanzisha miji ya pwani, Kilwa ikiwemo. Ushahidi wa mawe una adabu zaidi. Katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, si mbali na Makunduchi, maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria (1107) yanamtaja aliyeamuru ujenzi, Sheikh Abu Imran Musa. Mtindo wa herufi unakumbusha bandari ya Siraf, lakini Shiraz haikutajwa. Mwaka 2023 watafiti waliopima vinasaba vya mifupa ya makaburi ya kale ya pwani ya Kenya na Tanzania walikuta kwa wengi wao akina mama wa Kiafrika na akina baba wa Kiasia, hasa Waajemi. Kwa maoni yangu, utafiti huo unathibitisha ndoa tu. Hauwezi kumpa mtu wa leo haki ya jina wala kumnyang'anya.

Wenyeji wa kusini mwa Unguja, katika nyaraka za serikali, waliitwa Wahadimu, jina lililotokana na neno la Kiarabu la mtumishi. Haishangazi kwamba wengi walipendelea kuandikwa Washirazi. Jina hilo liliwatenga na Waarabu wenye mashamba ya mikarafuu, na pia na wajao wa bara, wakati wa ukoloni ambapo kabila la mtu liliamua nafasi yake. Nyumbani, hata hivyo, mtu ni wa Makunduchi, na lugha yake ni Kikae.

Ushirazi unaoonekana kwa macho uko kwenye Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi. Mwezi Julai wanaume wa pande mbili za mji huvaana kwa mapande ya migomba, huku wanawake wakiimba. Kibanda cha makuti huchomwa, na wazee husoma moshi unaelekea wapi ili wajue mwaka utakuwaje. Asili yake ni Nairuzi ya Waajemi. Iran huisherehekea Machi, ila mwaka wa pwani una siku 365 tu, bila siku ya nyongeza, na hivyo umekuwa ukirudi nyuma siku moja kila miaka minne. Waparsi, watu wenye asili ya Uajemi, wa madhehebu ya Kadmi, wasioongeza siku vilevile, nao mwaka wao mpya huangukia Julai. Wavuvi na wakulima waligawa mwaka huo kwa miongo ya siku kumi kumi ili kujua pepo na mvua. Hapa ndipo naona urithi wa Uajemi ulio imara zaidi kuliko nasaba yoyote ya karatasini.

Tusidhani shida hii ni yetu pekee. Ugiriki iligombana na jirani yake kwa miongo mingi kuhusu nani aitwe Mmasedonia, mpaka mkataba wa Prespa wa 2018 ukakubali kwamba neno hilo lina maana tofauti kwa kila upande. Nchi ile leo inaitwa Masedonia Kaskazini.

Visiwani hapakuwa na mkataba. Yalikuja Mapinduzi ya Januari 1964, na Februari 1977 ASP ikaungana na TANU, chama cha bara, kuunda CCM; kistari kikaondoka pamoja na jina. Tangu baada ya 1967 sensa ya Tanzania haiulizi kabila. Mwanahistoria anayeandika neno Mshirazi bila kutaja mwaka na msemaji anapotosha wasomaji wake.