Bei ya Habari: Kwa Nini Magazeti ya Mtandao Huwatoza Wasomaji

Walimu wa Kiswahili tumezoea kuwaambia wanafunzi wetu kwamba neno hubeba historia yake ndani yake. Neno gazeti ni mfano mwema. Lilitufikia kwa njia ya Kiingereza, na asili yake ni Italia. Katika mji wa Venice, katika karne ya 16, gazzetta ilikuwa sarafu ndogo. Wataalamu wengi wa asili za maneno husema kwamba sarafu hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya karatasi ya habari, na hatimaye jina la bei likawa jina la kitu chenyewe. Basi kila tunapotamka gazeti twataja, bila kujua, kile alichotoa msomaji ili apate habari.

Tumelikumbuka jambo hili kwa sababu ya malalamiko yanayosikika mara kwa mara katika vyumba vya walimu. Mwalimu aandaa somo la ufahamu. Aona kichwa cha habari katika simu yake. Akikifungua, asoma aya mbili tu, kisha aambiwa alipe ndipo aendelee. "Juzi juzi ilikuwa bure," husema kwa uchungu, "leo imekuwaje?" Katika makala haya tutajaribu kulijibu swali hilo kwa kuitazama historia. Tutachukua hasa mfano wa mji wa New York, kwa kuwa huko mambo haya yalianza mapema na hesabu zake zilitangazwa wazi. Kisha tutarudi kwetu Afrika ya Mashariki.

Gazeti la senti moja

Mwanzoni mwa karne ya 19 magazeti ya New York yaliuzwa senti 6 nakala moja, na wanunuzi wake walikuwa wafanyabiashara na wanasiasa. Tarehe 3 Septemba 1833 mpiga chapa mmoja, Benjamin Day, alitoa gazeti lililoitwa The Sun kwa senti 1 tu. Watoto walilitembeza barabarani, na mafundi na vibarua wakalinunua. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1836, Émile de Girardin alianzisha La Presse mjini Paris kwa faranga 40 kwa mwaka, hali magazeti mengine yalitoza faranga 80.

Msomaji atauliza: je, watu hawa walikuwa wakiuza kwa hasara? Naam, mara nyingi senti ile moja haikutosha kulipia kazi yote. Lakini bei ndogo ilileta wasomaji wengi, na wasomaji wengi waliwavuta wenye maduka, ambao walikuwa tayari kulipa ili bidhaa zao zitangazwe mbele ya macho hayo yote. Kwa maneno mengine, mchapishaji aliuza vitu viwili: aliwauzia wasomaji habari, na aliwauzia wenye maduka wasomaji. Biashara hii ya pili ndiyo iliyokuwa na faida kubwa.

Hata gazeti la heshima kama The New York Times, lililoanzishwa mwaka 1851, liliokolewa na hesabu hiyo. Adolph Ochs alilinunua mwaka 1896 likiwa karibu kufa. Mwaka 1898 alipunguza bei kutoka senti 3 hadi senti 1, na katika muda wa mwaka mmoja mauzo yakapanda kutoka nakala 25,000 hivi hadi zaidi ya 75,000. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka 100, wenye matangazo ya biashara walibeba sehemu kubwa ya mzigo wa gazeti la Marekani. Msomaji alilipa kidogo, akadhani kwamba amelipa yote.

Enzi ya bure

Mtandao wa intaneti ulipoenea katika miaka ya 1990, wachapishaji waliingia humo na mawazo yale yale. The New York Times walifungua tovuti yao Januari 1996. Waliona kwamba huko hapahitajiki karatasi, wala wino, wala lori la kupeleka nakala vituoni. Kwa nini basi msomaji atozwe? Na aje bure, nao wenye matangazo watalipa, kama walivyolipa tangu zama za Day. Gazeti la wafanyabiashara, The Wall Street Journal, lilifuata njia nyingine: mwaka 1997 lilianza kuwatoza wasomaji wa mtandao. Wengi waliliona kuwa limekosea njia.

Hapana budi tueleze hapa ilipokuwa kasoro. Gharama za gazeti ni za namna mbili. Kuna gharama ya nakala ya kwanza, yaani mshahara wa mwandishi, nauli yake, kazi ya mhariri, na ada ya wakili anayehakiki kama habari yaweza kuleta kesi. Kisha kuna gharama ya kila nakala inayofuata, yaani karatasi, wino na usafirishaji. Mtandao uliifuta karibu yote hii ya pili, lakini ile ya kwanza haukuigusa. Mwandishi anayehudhuria mahakamani wiki tatu apate kuandika aya kumi hula, hulala na hupanda basi vile vile, habari yake ikisomwa katika karatasi au katika simu.

Wakati huo huo matangazo yalianza kukimbia. Yale matangazo madogo madogo ya nyumba za kupanga, kazi na magari makuukuu, yaliyokuwa kisima cha fedha cha magazeti, yalihamia katika tovuti kama Craigslist, iliyoanzishwa na Craig Newmark huko San Francisco mwaka 1995, ambako mengi yaliwekwa bila malipo. Matangazo makubwa nayo yaliwafuata Google na Facebook, ambao wana macho mengi kuliko gazeti lolote na wanajua kila mtu ametafuta nini jana. Matokeo yake yalikuwa ya kutisha. Mwaka 2005 magazeti ya Marekani yalipata kiasi cha dola bilioni 49 kutokana na matangazo. Mwaka 2020 mapato hayo hayakufika bilioni 10. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza katika hesabu zilizowekwa, fedha za wasomaji ziliyazidi matangazo. Na kati ya mwaka 2005 na 2022 zaidi ya magazeti 2,500 yalifungwa katika nchi hiyo, mengi yao yakiwa ya kila wiki katika miji midogo.

Kujaribu na kujaribu tena

Uamuzi wa kutoza haukuja kwa siku moja. Septemba 2005 The New York Times waliziweka makala za waandishi wao mashuhuri wa maoni nyuma ya malipo ya dola 49.95 kwa mwaka. Walipata walipaji 227,000 na dola milioni 10 hivi kwa mwaka. Hata hivyo, Septemba 2007 waliuondoa mpango huo, wakitumaini kwamba wasomaji wa bure wanaoletwa na mitambo ya kutafutia habari wangeleta matangazo yenye faida zaidi. Mwaka uliofuata uchumi wa dunia ulianguka, matangazo yakakauka, na Januari 2009 kampuni hiyo ililazimika kukopa dola milioni 250 kwa tajiri wa Mexico, Carlos Slim.

Mjini London, The Times walifunga mlango kabisa mwezi Julai 2010: paundi 1 kwa siku au 2 kwa wiki, asiyelipa asiingie. Machi 2011 wenzao wa New York walichagua njia ya kati. Msomaji aliruhusiwa makala 20 bure kila mwezi, na akizidi alipe. Mwaka 2012 idadi hiyo ilipunguzwa hadi 10. Hekima ya mpango huu ni kwamba mpita njia hakufukuzwa, bali yule mwenye mazoea ndiye aliyeombwa kuchangia. Mwaka 2012 mapato ya kampuni kutoka kwa wasomaji yaliyapita yale ya matangazo, na kufikia mwisho wa mwaka 2023 ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 10. Haki yatudai tuongeze kwamba si wote waliofuata habari. Wengine walilipia michezo ya maneno na mapishi.

Lakini tusidhani kwamba kila gazeti laweza kuiga hayo. Gazeti la mji mdogo halina wasomaji wa dunia nzima. The Guardian la Uingereza, ambalo tangu mwaka 1936 lina wakfu wa Scott nyuma yake, liliacha tovuti yake wazi na kuwaomba wasomaji wachangie kwa hiari yao.

Upande wetu

Swali la nani alipe si geni katika magazeti ya Kiswahili. Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilitolewa na Idara ya Elimu ya serikali ya Tanganyika. Liliwapa walimu na wanafunzi mengi ya kusoma, lakini lisingeweza kumsema vibaya bwana wake. Kwetu, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1937 na Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda, halikuwa na serikali wala misheni nyuma yake. Lilisema lililotaka, na shida ya fedha haikuliacha. Hapa twaona wazi kwamba anayelipa ndiye anayesikilizwa. Msomaji asipolipa, atalipa mwingine, na huyo mwingine atakuwa na haja zake.

Katika siku zetu, mwaka 2021 kampuni ya Nation ya Nairobi, inayochapisha pia Taifa Leo, ilianza kuwatoza wasomaji wa tovuti yake. Lawama zilikuwa nyingi, na baadhi zilikuwa na msingi. Msomaji wa Kampala au Bujumbura hulipa mara mbili, kwani kabla ya kufika kwenye mlango wa gazeti amekwisha nunua data za simu. Zaidi ya hayo, habari iliyochunguzwa hufungwa kwa malipo, hali uzushi na porojo husambazwa bure usiku na mchana. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hatari ni kwamba asiye na fedha ataachiwa kile kinachojitembeza tu.

Sisi twaona kwamba mchapishaji ana haki ya kutoza, kwa kuwa kazi ya mwandishi ni kazi, na rahisi huvunja upishi. Lakini twaona pia kwamba kuna habari ambazo hazifai kufungiwa mtu yeyote: maradhi ya kuambukiza, mafuriko, na taratibu za kupiga kura. Magazeti kadha wa kadha yalifungua makala zao za ugonjwa wa korona mwaka 2020, na yalitenda vema. Tena, shule yapasa kupewa bei ya shule. Nasi walimu tuna wajibu wetu. Twaweza kuchanga tukawa na malipo ya pamoja pale mchapishaji anaporuhusu. Twaweza kuitetea nakala ya karatasi katika maktaba, ambayo kwa bei moja husomwa na darasa zima. Na twaweza kumfundisha mwanafunzi aulize, kila anapopewa habari bure, ni nani aliyeigharimia.

Maswali ya mjadala darasani

1. Eleza tofauti kati ya gharama ya nakala ya kwanza na gharama ya nakala zinazofuata. Toa mfano mwingine, usiokuwa wa gazeti.
2. Linganisha Mambo Leo na Kwetu. Ungependa kusoma lipi, na kwa nini?
3. Je, habari zipi zingepaswa kuwa bure kwa kila mtu? Nani azilipie?