Utakatifu wa kila siku katika Uamsho wa Afrika Mashariki
Uamsho wa Afrika Mashariki ni vuguvugu la kiroho lililozaliwa ndani ya Kanisa la Kianglikana nchini Uganda na Rwanda, likitaka utakatifu uonekane nyumbani, sokoni na kazini. Chimbuko lake hutajwa kuwa mwaka 1929, Simeoni Nsibambi wa Kampala alipokutana na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini nchini Rwanda, wakasoma Biblia na kuomba pamoja.

Moto wenyewe ulishika miaka ya 1930. Waliookoka walikutana katika vikundi vya ushirika, wakaungama dhambi mbele ya wenzao na kuitana ndugu, Mwafrika kwa Mzungu, jambo zito katika zama za ukoloni. Toba haikuishia mdomoni: aliyeiba alirudisha mali, mume alimwomba mkewe msamaha, waliohasimiana walipatana. Hapo ndipo ilipokuwa nguvu ya uamsho huu, kuliko hata katika mikutano yake mikubwa.

Ulienea hadi Kenya, Tanganyika na Burundi.

Wakati wa vita vya Mau Mau nchini Kenya, wengi wa waliookoka walikataa kula kiapo cha wapiganaji hao; baadhi waliuawa. Wimbo wao, Tukutendereza, ungali unaimbwa makanisani.